Washukiwa wa Ini la Baba

Baba alikwenda kupigwa picha ya figo, akarudi na ini.

Figo hazikuwa na neno. Ndivyo alivyosema mpiga picha wa hospitali, kijana mwenye koti jeupe lililokosa kifungo kimoja, huku akimpaka Baba jeli tumboni na kumpitishia kile kidude chake kama anayepiga pasi shati bishi. "Figo safi kabisa, mzee wangu." Baba akanikonyeza. Mgongo ulikuwa umemsumbua mwezi mzima, na Mama kwa wasiwasi wake alikuwa ameshamzika mara mbili. Sasa tungerudi na habari njema, tumtanie Mama mpaka achoke.

Kisha kijana akahamishia kidude upande wa kulia, chini ya mbavu, akanyamaza.

Baba yangu ameuza nyama miaka ishirini na sita. Kila asubuhi, jogoo akiwa bado anasafisha koo, yeye yuko machinjioni nyuma ya mkaguzi wa nyama, anamtazama anavyochanja maini kwa kisu chake kifupi. Mkaguzi akiwa anapiga mluzi, maini ni mazima. Mluzi ukikatika, kuna kitu. Kwa hiyo Baba hakuna anachokiogopa duniani kama ukimya wa mtu aliyeshika ini, na safari hii ini lenyewe lilikuwa lake.

"Unaona nini?" akauliza.

"Daktari atakueleza, mzee. Vuta pumzi, ishikilie."

"Nishikilie pumzi vipi na wewe umeshanishikilia roho?"

Kijana hakucheka. Nilicheka mimi, kidogo, halafu nikatazama kioo cha mashine. Ini la Baba lilionekana kama wingu la mvua, na katikati ya wingu palikuwa na mviringo mweusi. Pembeni yake mwingine. Chini yao wa tatu, mkubwa kama yai, na ndani ya huo mkubwa palikuwa na viduara vidogo vimejibana kama mbegu kwenye nyanya. Baba naye akainua shingo, akaona, akaishusha polepole.

"Mifuko ya maji," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli. "Ini la kutupwa hilo."

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Alituchorea ini nyuma ya karatasi, akachora na mifuko yenyewe, mpaka nikaona ini la Baba linapendeza kuliko nilivyotarajia.

"Mzee, usiogope kabla ya zamu yako," akasema. "Mifuko ya maji kwenye ini tunaikuta mara nyingi tukiwa tunatafuta kitu kingine. Wengi wamezaliwa nayo, wanazeeka nayo, na haijawahi kuwaomba hata maji ya kunywa. Wengine wameirithi; hiyo huja mingi mingi, na mara nyingi figo nazo zinakuwa nayo, lakini zako ni safi. Kuna usaha wa amiba, ila mwenye huo angeingia hapa anatetemeka kwa homa. Mara chache sana ni uvimbe mbaya ambao lazima utolewe. Na kuna..." Akaweka ncha ya kalamu juu ya ule mkubwa. "Kuna tegu wa mbwa. Hii miwili midogo hainipi shida. Huu wenye ukuta mnene na watoto ndani siupendi. Tutapima damu, tutapiga na picha nyingine kubwa zaidi. Majibu yote baada ya siku kumi."

Kisha akaanza kuuliza. Unafanya kazi gani? Unafuga mbwa? Kwenu kuna aliyeugua ini au figo? Umewahi kuumia ubavu huu? Maji ya kunywa mnatoa wapi? Mboga za majani nyumbani nani anaosha?

Baba alijibu yote huku macho yakizidi kuwa membamba. Kuhusu mbwa alisema, "Sifugi."

"Jambo la mwisho," daktari akasema, na hapo alinitazama mimi, maana masikio ya Baba yalikuwa yameshatoka nje. "Asitokee mtu akawaambia atavuta hayo maji kwa sindano. Kama ni tegu, maji yale yakivujia tumboni, mwili unaweza kushtuka na mtu akafa palepale kitandani. Hata sisi hatugusi kabla ya majibu na dawa. Umesikia, binti?"

"Nimesikia."

Nje, kwenye ngazi za hospitali, Baba akanishika kiwiko. "Umemsikia yule mama?"

"Kila neno."

"Hujasikia kitu. Wewe umesikiliza majibu yake, mimi nimesikiliza maswali. 'Mboga nani anaosha.' Kwa nini aulize nani? 'Nani amekuumiza ubavu.'"

"Hakusema nani, Baba. Alisema umewahi kuumia."

"Ubavu haujiumizi wenyewe." Akatazama huku na huku, kana kwamba muuza karanga wa pale getini naye alikuwa na la kujibu. "Yule daktari anajua kuna mtu. Ameshindwa kusema tu, kwa sababu ya kazi yake."

*

Kesi ilifunguliwa jioni hiyohiyo mezani. Mshukiwa wa kwanza alikuwa Mama, ambaye kosa lake lilikuwa kukaa karibu.

"Mboga unaosha mara ngapi?" Baba akauliza, ameinua jani moja kwa uma akilitazama kwenye mwanga wa taa.

"Mara mbili."

"Jana nimeona mara moja."

"Mara ya pili ulikuwa umeshaanza kula. Na mwenzangu, miaka ishirini na mbili unakula mkono wangu, unanenepa, leo ndiyo umegundua nina nia mbaya?"

"Sijasema nia. Nimesema maji."

"Kama ningetaka kukuua," Mama akasema, akimwongezea mboga, "ningekuacha ujipikie."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Baba akanitazama, nikaona nami nimeandikwa mahali fulani kwenye orodha, mstari wa chini.

Aliyeniokoa, kwa kutokea mlangoni, ni Baba Mdogo. Huyu ni mdogo wake Baba, mchunaji wa ngozi palepale machinjioni, mtu mrefu anayeinama hata kwenye milango mirefu. Alikuwa amekuja kumpa kaka yake pole, na mkononi alikuwa na mfuko wa ndizi. Baba akazikagua ndizi kwanza.

"Unakumbuka ulinipiga teke la ubavu?" akamuuliza.

Baba Mdogo akanitazama mimi, akamtazama Mama. "Lini?"

"Tulipokuwa tunagombania ule mpira wa matambara."

"Kaka! Nilikuwa na miaka saba!"

"Miaka saba inatosha kuwa na moyo." Baba akasogeza sahani pembeni. "Tuache hilo. Ini la Jumamosi nani ananiletea?"

"Mimi."

"Na ile ndoo nyeusi, ya maini yaliyokataliwa na mkaguzi, nani anaibeba?"

Ndoo nyeusi wote tunaijua. Ini likikutwa na mifuko ya maji, mkaguzi analitupa humo, na ndoo inaondoka. Inakwenda wapi, hakuna aliyewahi kuuliza, mradi haiendi kwa mtu. Kwetu inakuja nyuma ya bucha, kwa Waziri. Waziri ni mbwa. Tulimwita hivyo kwa sababu ana kitambi, anasinzia mchana kutwa, na hakuna anayejua hasa kazi yake.

"Ndoo naibeba mimi," Baba Mdogo akasema taratibu. "Wewe ndiye uliniambia niilete, Waziri asilale njaa."

"Kwa hiyo maini mabovu na ini langu la Jumamosi yanasafiri kwenye mikono ya mtu mmoja, njia moja, siku moja." Baba akaegemea kiti. "Na leo mimi nina mifuko mitatu. Ya kondoo kabisa! Nimeiona kwa macho yangu. Mtu haoti mifuko ya kondoo mpaka amelishwa."

"Unasema nimekulisha ini bovu?"

"Nasema mimi nikifa, bucha haiwezi kukaa bila mwanamume."

Baba Mdogo alisimama. Aliziacha ndizi mezani, akainama mlangoni, akatoka bila kuaga. Mama akashika tama.

*

Asubuhi iliyofuata nilifungua bucha kama kawaida. Kazi yangu ni mashine ya kusaga nyama na mdomo. Mashine inasaga, mdomo unawashawishi wateja wachukue na mifupa. Baba alikuwa nyuma, uani. Nilimsikia akiongea kwa upole, ule upole ambao hatujausikia sisi wa ndani tangu tuzaliwe.

"Kula, Waziri. Wewe ndiye umebaki. Wengine wote wana lao jambo."

Nikachungulia. Baba alikuwa amechuchumaa, anatoa vipande vya ini kwenye ndoo nyeusi kimoja kimoja, anamlisha mbwa mkononi. Waziri akimaliza kipande analamba vidole vya Baba, kimoja kimoja, kwa adabu. Kisha Baba akamkumbatia shingo, akampangusa tope la mkiani, akajifuta viganja kwenye aproni, akachukua mkate wake juu ya dirisha na kuuma.

"Baba," nikasema, "daktari aliuliza kama unafuga mbwa."

"Nilimwambia sifugi."

"Na huyu?"

"Huyu simfugi. Anaishi hapa tu."

"Angalau osha mikono."

Akanigeukia na mkate mdomoni. "Mbwa ana kosa gani? Mbwa haoni wivu. Mbwa harithi bucha. Toka umjue Waziri, umewahi kumsikia akinisema vibaya?"

Mchana nikamfuata mkaguzi wa nyama kwenye ofisi yake, kibanda chenye meza moja na mihuri mitatu. Nilimuuliza kama mtu anaweza kupata mifuko ya maji kwa kula ini lenye mifuko. Akasema hapana, hata ungelila zima, mifuko haiji kwa njia hiyo.

"Inakuja kwa mbwa," akasema, akiwa na furaha ya mtu ambaye huwa haulizwi kuhusu kazi yake. "Mbwa akila ini lenye mifuko, tegu anakua kwenye utumbo wake. Mbwa mwenyewe yuko salama, ananenepa. Mayai yanatoka na kinyesi, yananata kwenye manyoya, kwenye ulimi, kwenye majani, kwenye mkono wa anayemshika. Mkono ukienda mdomoni, basi. Mfuko unajengeka polepole, miaka na miaka, mtu hana habari. Ndiyo maana maini yale ni lazima yachomwe au yazikwe shimo refu."

"Na huwa mnayachoma?"

Furaha ikakatika kama ule mluzi wa machinjioni. Mkaguzi akaupanga upya muhuri wa katikati, ambao ulikuwa umekaa sawa.

"Ndoo hukabidhiwa," akasema.

"Kwa nani?"

"Binti, una wateja wanakusubiri."

Nilirudi bucha nikamweleza Baba yote, mbwa, mayai, mkono, mkate. Alinisikiliza mpaka mwisho akinoa kisu. Kisha akauliza swali moja: "Mkaguzi na baba yako mdogo wanakunywa chai meza moja, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Hapo ndipo ilipoandikwa hadithi yako."

*

Jumatano nilimsikia kwenye simu, amegeukia ukuta. "Kesho saa nne. Njoo na ile ndefu... Hapana, nitakuja mimi. Nyumbani kuna macho."

Aliyekuwa upande wa pili ni Daktari Sindano. Daktari si daktari, ila sindano anazo kweli. Ana chumba nyuma ya duka la mabati, na humo anatibu majipu, mafua, huzuni na ukosefu wa kazi, vyote kwa kudunga. Baba alikuwa ameamua. Mfuko wa maji unatobolewa, maji yanatoka, ini linabaki: ameshaona mara elfu moja machinjioni.

"Kwa kondoo aliyekwisha kufa, Baba!"

"Ndiyo maana hakusumbua."

"Daktari alisema mtu anaweza kufa palepale. Aliniambia mimi, akinitazama machoni."

"Na kwa nini akuambie wewe, na mgonjwa ni mimi?" Akanisogelea, akashusha sauti. "Siku kumi, mwanangu. Umewahi kujiuliza siku kumi za nini? Siku kumi zinamtosha mtu kumalizia alichoanza. Mimi sikai kama kondoo kwenye foleni."

Mama alilia, hakusikilizwa. Akamficha viatu, Baba akasema mke anayemficha mume viatu asiende kutibiwa, daktari akisikia ataandika kitabu. Hapo nikaelewa. Kila aliyemzuia alikuwa anajiongezea ushahidi. Ukweli ulikuwa unabisha hodi na Baba anaweka kitasa kingine.

Alhamisi saa nne kasoro alikwenda kwa kandambili za bafuni, nami nikamfuata. Nilisema nakwenda kumshika mkono. Kweli sikujua nakwenda kufanya nini. Nilijua tu kwamba kama atakufa pale juu ya kitanda cha ngozi bandia kilichochanika, asife akiwa na Sindano peke yake.

Chumba kilikuwa na beseni moja la plastiki, sufuria ikitokota juu ya jiko dogo, na ukutani kalenda ya mwaka ambao hata mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Sindano mwenyewe alikuwa amevaa fulana, na kijasho chembamba kilimtoka mdomo wa juu. Baba alilala, akapandisha shati. Ubavu wake ulikuwa mweupe pale jua lisipofika, ukipanda na kushuka haraka. Sindano akampaka dawa ya kahawia mduara mkubwa, kisha akafunua kitambaa.

Ilikuwa ndefu kweli. Ya kushonea magunia ingeiamkia.

"Baba, mkaguzi alisema ni mbwa."

"Nyamaza."

"Baba, Mama amebaki anatapika."

"Mwambie apunguze mboga."

"Binti, sogea kwenye mwanga," Sindano akasema, akagusa mbavu kwa kidole akihesabu, moja, mbili, tatu.

Nikaona kwamba hakuna neno la kweli litakalopita kwenye sikio lile, na kilichokuwa kinapita humo kwa uhuru, bila kuulizwa kibali, kilikuwa kitu kimoja tu: shaka. Basi nikakitoa.

"Sawa," nikasema. "Mimi nimeshasema yangu. Ila nilishangaa kumwona Baba Mdogo anatoka humu jana jioni."

Kidole cha Sindano kikasimama kwenye ubavu wa nne.

Baba hakuinuka. Alifungua macho tu. "Nani?"

"Baba Mdogo. Alikuwa anacheka. Walipeana mikono pale mlangoni."

"Mzee, huyo mtoto anaota!" Sindano akasema. "Sijamwona ndugu yako tangu..."

"Tangu lini?"

"Tangu... sijui, muda!"

"Unamfahamu, kumbe."

"Si anakaa hapahapa mjini, mzee! Kila mtu anamfahamu!"

"Kwa nini unatoka jasho?"

"Jiko! Ni jiko hilo!"

Maskini, alikuwa anasema kweli tupu, na kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo. Baba akakaa kitako. Akashusha shati juu ya ile dawa ya kahawia. Akaitazama sindano, kisha mwenye sindano.

"Jidunge wewe kwanza," akasema.

Tukatoka.

Barabarani Baba alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nijifunze kuvuka mwenyewe. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. "Umeniokoa," akasema. "Ningekufa pale. Na sasa nimejua kwa uhakika ni nani."

Nilitaka kufurahi. Lakini Baba Mdogo hakuwa na kosa.

*

Siku sita zilizobaki Baba hakula kitu kilichopita karibu na machinjio. Baba Mdogo alipokuja bucha na nyama ya wateja, Baba alimwambia aiache kizingitini. Wateja wakaona, wakaanza kunong'ona. Mimi nilisaga nyama bila kusema na mtu, hata mama mmoja akaniuliza kama nimechumbiwa.

Siku ya saba ya zile kumi sikuvumilia. Nilikwenda machinjioni, nikamkuta Baba Mdogo ameinamia kondoo, kisu kinapita kati ya ngozi na nyama bila kuumiza hata kimoja. Nikamwambia yote: chumba cha Sindano, kitanda, na niliyoyasema.

Hakusimamisha kisu. Alimaliza mguu mmoja, akaenda wa pili.

"Alikuwa ameshaishika sindano?" akauliza.

"Alikuwa anahesabu mbavu."

"Ya ngapi?"

"Ya nne."

Akavuta ngozi, ikatoka yote pamoja kama koti. "Basi ulisema vizuri." Kisha akaongeza: "Ila siku nyingine ukinichongea, nichongee kitu cha heshima. Kuonekana kwa Sindano! Watu watadhani nina jipu."

Nililia pale kwenye damu na maji, na yeye akaniacha nilie, akiangalia pembeni ili nisione aibu.

Majibu yalitoka. Mifuko midogo miwili ilikuwa ya kuzaliwa tu, haina habari na mtu. Ule mkubwa ulikuwa tegu wa mbwa. Daktari alisema zitaanza dawa za vidonge, kisha upasuaji wa watu wanaojua wanachofanya, na kwamba sisi wote tupimwe, mbwa apewe dawa ya minyoo na bwana mifugo, na ile ndoo iishie kwenye moto. Baba akamkatiza.

"Nani, daktari? Leo niambie. Nani?"

Daktari akavua miwani. "Mkono wako mwenyewe, mzee. Ulioshika mbwa na kushika mkate."

Baba akaugeuza mkono, akautazama upande huu na upande ule. Nikaona huo ndio wakati.

"Baba, mimi nilidanganya. Baba Mdogo hakwenda kwa Sindano. Nilitunga ili uinuke pale."

Alinitazama kama anavyotazama nyama iliyopigwa muhuri ambao hautambui.

"Amekupa nini useme hivyo?"

"Hajanipa kitu."

"Na siku ile uliyomwona alikupa nini usiniambie mapema?"

"Baba, hakuwepo!"

"Hmm," akasema, na hilo hmm alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akala nalo vidonge kwa wiki kadhaa. Vidonge vyenyewe alivihesabu kila asubuhi kuona kama kuna aliyebadilisha. Lakini alivimeza. Mikono aliiosha pia, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, huku akiitazama kama wapangaji wasioaminika.

Siku moja kabla ya upasuaji, hospitali ilitaka ndugu wawili wachangie damu. Mmoja nilikuwa mimi. Nilipotoka kwenye kile chumba, pamba mkononi, nikamkuta Baba Mdogo kwenye benchi la nje, mkono wa shati umeshakunjwa, kana kwamba aliukunja tangu nyumbani. Nikaenda wodini kumwambia Baba.

Alikuwa amekaa kitandani na shati la hospitali lisilofunga mgongoni. Akakunja uso. "Damu yake iingie kwangu?"

Muuguzi akasema inaingia kwenye akiba ya hospitali, si moja kwa moja kwake; atapewa inayomfaa itakayokuwepo.

"Bora," Baba akasema. Akatazama dirishani. Akalivuta shuka, akalinyoosha, akalivuta tena. "Amekuja lini?"

"Tangu saa mbili."

"Amekula?"

"Sijui, Baba."

"Mtu hatolewi damu na njaa. Ataanguka pale, waseme ni mimi nimemuua." Akanisukuma bega. "Nenda kaangalie. Na uone kama wanatoa chupa nzima, asije akatoa nusu."

Nikarudi. Baba Mdogo alikuwa ameshalazwa kwenye kiti kirefu, miguu imepita mwisho wa kiti, anafumba na kufumbua ngumi. Bomba jembamba lilikuwa limejaa wekundu.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesema ahsante, ndugu yangu."

"Mwongo wewe."

"Ndiyo," nikasema. "Ameuliza kama umekula."

Akaacha kufumba ngumi kidogo, muuguzi akamkemea, akaendelea.